Kichwa cha Treni Kilichobaki na Taa Moja

Wapendwa mliokusanyika hapa Makanyagio leo, Ijumaa tarehe 12 Septemba 2025, baba paroko, mwenyekiti wa mtaa, wazazi wetu kutoka Katumba na Usevya, walimu wenzangu, majirani, na rafiki zetu wa stesheni, mimi ni Mwandu Machibya, mume wa marehemu, na ingawa desturi ni kwamba historia kama hii isomwe na ndugu mwingine ili mfiwa akae na kupumzika, nimeiomba familia iniruhusu nisome mwenyewe, kwa sababu sehemu yake ya mwisho niliiona mimi peke yangu. Nitasoma polepole. Nikikwama, naomba mnisubiri.

Marehemu Séverine Siméon, ambaye wakubwa walimwita Mama Esteria na watoto wa mji huu walimwita Mama Treni, alizaliwa tarehe 14 Machi 1975 katika makazi ya Katumba, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa marehemu Mzee Siméon na Mama Thacienne, ambaye tunaye hapa mbele, waliofika Katumba kutoka Burundi mwaka 1972 na kufyeka pori mpaka likawa shamba. Mzee Siméon alilima mahindi na tumbaku, na pamoja na kilimo alifanya kibarua cha reli, kwanza kufyeka nyasi kandokando ya njia, na baadaye kusimama jioni pale treni inapopita na kutazama behewa la mwisho. Kazi hiyo naieleza kidogo kwa wasioijua. Behewa la mwisho hubeba taa nyekundu kwa nyuma, na mtu wa stesheni akiiona taa hiyo anajua kwamba treni imepita nzima, hakuna behewa lililokatika likabaki porini. Mzee Siméon alikuwa akiiona taa anasema kwa sauti, "Imepita nzima," hata kama hapakuwa na mtu wa kumsikia isipokuwa binti yake, kisha anamshika mkono wanarudi nyumbani. Marehemu alikuwa akiniambia kwamba watoto wengine walijifunza treni kuanzia mbele, kwenye honi na moshi, yeye alijifunza kuanzia nyuma.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Katumba kuanzia mwaka 1983 hadi 1989, akamaliza darasa la saba, na hakuendelea na sekondari kwa kuwa nafasi zilikuwa chache. Mwaka 1991 wazazi wake walimpeleka Karema kwa masista ili ajifunze ushonaji, naye akashona kwa muda mfupi, kisha akaomba ahamishiwe upande wa pili wa ua, kwenye useremala, ambako walikuwa wavulana watupu. Walimpokea kwa utani, wakamuuliza, "Dada, cherehani zimeisha kule, au umepotea njia?" naye akawajibu, "Nimekuja kuwatengenezea viti, maana naona mnakaa kwenye magogo." Alihitimu mwaka 1993, na kiti alichowatengenezea aliambiwa kilibaki pale kwa miaka mingi, kikikaliwa na fundi mkuu.

Mwaka 1994 aliajiriwa katika karakana ya samani hapa Mpanda, akawa anatengeneza fremu za madirisha na vitanda, na vipande vya mninga vilivyobaki sakafuni alivikusanya na kuvipeleka nyumbani, na kutokana na vipande hivyo, mwaka 1998, alianza kuchonga vichwa vya treni vidogo, vya urefu wa kiganja, na kuviuza kwenye meza ndogo pale stesheni siku za treni. Kazi hii ndiyo aliyoifanya mpaka mwisho. Alitaka kitu kimoja tu katika kazi hiyo, na nakisema mapema ili kila mtu akijue: alitaka atengeneze kichwa cha treni ambacho dereva wa treni mwenyewe akikitazama asikikosoe, na ambacho mtoto wa kibarua wa tumbaku akikitaka asikikose. Watu wengi walimwambia vitu hivyo viwili havikai pamoja. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Tulikutana tarehe 11 Oktoba 1999, siku niliyofika Mpanda kwa treni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikiwa nimepangiwa kufundisha fizikia. Niliteremka na sanduku langu, nikasimama mbele ya meza yake, nikachukua kichwa kimoja cha treni nikakigeuza, nikamwambia kwamba kina magurudumu manne, ilhali kile kilichonileta, kilichokuwa bado kinanguruma nyuma yangu, kina kumi na mawili. Hakukasirika. Aliniambia, "Mwalimu, ukitaka kumi na mawili nitakuwekea kumi na mawili, na utalipa ya kumi na mawili. Huyu hapa ana hela ya manne," akamwonesha mtoto aliyekuwa amesimama pembeni yangu akisubiri nikiachie. Nilikiacha. Yule mtoto alikichukua akaondoka nacho akikiendesha hewani, na mimi nikabaki nimesimama na sanduku. Marehemu akaniuliza nalala wapi.

Tulifunga ndoa tarehe 22 Julai 2000 katika kanisa katoliki hapa Mpanda. Ukoo wangu ni wafugaji, walihamia Usevya na ng'ombe kutoka Shinyanga, na siku ya kumpokea bibi harusi shangazi yangu Nyanzala, ambaye yupo hapa na atanisamehe, aliuliza mbele ya watu wote, "Mke wa kutengeneza treni, na ng'ombe atakamua nani?" Marehemu akamjibu kwa heshima zote, amepiga magoti, "Shangazi, treni haikamuliwi, lakini ndiyo itakayowapeleka ng'ombe wako mnadani." Tangu siku ile shangazi hakuwahi kuja Mpanda bila kulala kwetu. Mungu alitujalia watoto wawili, Esteria, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2001, ambaye sasa ni muuguzi Inyonga, na Dieudonne, aliyezaliwa tarehe 19 Februari 2004, ambaye yuko masomoni Mwanza.

Sasa nieleze kazi yake ilivyokua. Mwanzoni alikuwa na aina mbili za vichwa, vya mbao vitupu kwa watoto, na vya bati vyenye ngazi, waipa, taa na vyuma vya kushikia kwa wageni wachache wenye uwezo, na alikuwa hapendi kuona mtoto akisimama mbele ya meza akitazama cha bati huku mkono umeshika cha mbao. Mwaka 2003 akaanza utaratibu wake mwenyewe, ambao sijauona kwa fundi mwingine. Kila kichwa cha mbao, hata cha bei ya chini kabisa, kilipata kitu kimoja cha kweli, kimoja tu, kilichotengenezwa kwa ufundi ule ule wa vile vya bati, na kitu hicho alikichagua mnunuzi. Mmoja alichagua honi ya waya wa shaba, mwingine mlango unaofunguka, mwingine ngazi ya dereva yenye vipago vyembamba kama njiti. Akishachagua aliulizwa sababu, na sababu yoyote ilikubaliwa. Mwaka unaofuata, au miaka mitano baadaye, mtoto akipata chochote, alirudi na kichwa chake kuongezewa kitu cha pili, na malipo yalikuwa alichonacho mtu, asali kutoka Inyonga, dagaa wa Karema, viazi, siku nyingine kuni. Watu wakauita utaratibu huo nyongeza. Wapo watu katika mji huu walioanza na gogo, yaani kichwa cha mbao kitupu, lenye waipa moja wakiwa darasa la pili, na leo wana watoto, na kichwa chao cha treni kimekamilika.

Mwaka 2009 alianza kichwa kimoja kikubwa kwa ajili yake mwenyewe, cha bati na shaba, chenye urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Madereva walimruhusu kupanda na kupima kile cha kweli kinaposubiri stesheni, naye alipima kila kitasa na kila msumari, kisha usiku na Jumapili akavitengeneza kwa udogo wake. Kilikuwa na milango iliyofunguka, viti vya madereva, vyuma vya kushikia pande zote, taa za mbele, na kwa nyuma taa nyekundu aliyoikata kwenye kioo chekundu cha kuakisi mwanga cha baiskeli ya baba yake, Mzee Siméon, aliyefariki mwaka 2011 kazi ikiendelea. Nilimuuliza kwa nini kichwa kiwe na taa ya nyuma, wakati taa ile ni ya behewa la mwisho. Akaniambia kwamba kichwa kinachosafiri peke yake, bila mabehewa, hubeba taa yake chenyewe, kwa kuwa chenyewe ndicho mbele na chenyewe ndicho nyuma.

Mwaka 2016 alifika kwetu Bwana Gaspar, mwenye hoteli mkoa wa jirani, mtu muungwana ambaye tangu zamani amekuwa akikusanya treni ndogo. Alikaa mbele ya kile kichwa muda mrefu akikitazama kwa kioo cha kukuzia, hakupata kosa, akasema atakinunua kwa bei ambayo ingetumalizia paa na ada za shule, na ataagiza vingine sita, ila kwa sharti kwamba marehemu aache kuuza vile vya mbao pale stesheni. Alilieleza sharti hilo bila dharau, kwamba mtu mwenye fedha hawezi kuweka sebuleni kitu ambacho mchunga mbuzi anacho mfukoni, hata kama ni kipande chake tu. Mimi nilimshauri mke wangu akubali, na sababu zangu zilikuwa za kweli, mvua ilikuwa inaingia chumbani kwa Dieudonne. Marehemu akamuuliza mgeni, "Vile vya mbao vikiondoka stesheni, hiki chako kitaongezeka nini?" Bwana Gaspar akacheka, akasema, "Kitakuwa peke yake, mama. Hiyo ndiyo thamani yenyewe." Marehemu akainuka kumwongezea chai, akasema, "Kuwa peke yake si kuwa kizuri, bwana. Ni kuwa peke yake tu." Mgeni alikunywa chai akaondoka na treni ya kesho yake. Paa tulilimaliza mwaka 2019, kidogo kidogo.

Ugonjwa ulianza Juni 2022, vidole vikawa vinavimba asubuhi na kukataa kukunja, na katika hospitali ya hapa Mpanda tuliambiwa ni baridi yabisi. Alitibiwa, akapata nafuu, ukarudi, na Machi 2024 tulipewa rufaa kwenda Mbeya, ambako ilionekana kuwa figo nazo zimeguswa. Kufikia mwisho wa mwaka ule aliweza kushika kikombe kwa mikono miwili, aliweza kupiga msasa kwenye mbao, lakini waya mwembamba kama unywele hakuweza tena kuushika, si kwa plaizi wala kwa kibano. Na kwenye rafu ya karakana yake vilikuwa vimepangwa vichwa vya mbao vya watu waliovileta kwa ajili ya nyongeza, na aliokuwa amewaahidi. Asubuhi nilikuwa namkuta amekaa mbele ya rafu hiyo, mikono mapajani.

Tarehe 5 Januari 2025, Jumapili, tuliporudi kanisani, aliniomba nikiteremshe kile kichwa kikubwa kabatini nikiweke mezani, niwashe mkaa, nipashe moto chuma cha kuchomelea. Nilidhani anataka kukirekebisha. Akanionesha chuma cha kushikia cha upande wa kushoto, akasema, "Kitoe hicho, bila kukipinda. Ni cha Lyamba wa Ugalla, amekisubiri tangu kiangazi." Nilimuuliza mara mbili kama nimesikia vizuri. Akasema, "Umesikia, mwalimu. Vidole vyangu haviwezi kutengeneza kingine, lakini hiki nilishakitengeneza."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kuanzia mwezi ule mpaka Agosti. Yeye aliketi akielekeza, mimi nilishika chuma cha moto, na mkono wangu si mkono wa fundi, nilijiunguza kidole gumba, nikadondosha tone la risasi ya kuchomelea iliyoyeyuka kwenye suruali ya kazini, na yeye alicheka kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu aumwe, akaniambia, "Polepole, baba, hiyo si chaki." Tulitoa waipa, tukatoa vitasa, tukatoa viti vya madereva, tukatoa mlango mmoja na baadaye wa pili, na kila kitu kilipotoka kilikwenda kwenye gogo la mtu fulani lililokuwa likisubiri. Lyamba, ambaye alinunua gogo lake akiwa mtoto na sasa ni mfuga nyuki mwenye mizinga yake, alipokuja kuchukua alikigeuza akaona chuma cha kushikia ni cha shaba iliyong'aa kuliko alivyozoea, akasema, "Mama Treni, hiki si cha bei yangu." Akamjibu, "Ni cha bei yako. Umeleta asali ya nani, ya kwangu?" Esteria alipopata habari alipiga simu kutoka Inyonga akilia, akasema, "Mama, hicho ndicho tutakachokukumbukia." Mama yake akamwambia, "Mtanikumbukia wapi, mwanangu, kabatini?"

Katikati ya Agosti kile kichwa kikubwa kilikuwa kimebaki bati tupu, kina alama za risasi kila mahali kilipotolewa kitu, na juu yake vilibaki vitu viwili tu, honi, na taa nyekundu ya nyuma. Kwenye rafu palibaki gogo moja. Usiku wa tarehe 16 tulikuwa wawili nyumbani, umeme umekatika, naye akaniambia, "Wewe mwalimu tangu mwaka tisini na tisa hujawahi kuchagua. Ulihesabu magurudumu ukaacha. Chagua kimoja, kingine kiende rafuni." Nilimwambia nachagua taa. Akaniuliza sababu, kama alivyouliza kila mtu. Nikamwambia kwamba honi husikika treni inapokuja, na mimi sina treni ninayoingoja ije. Akasema, "Umechukua ya baba." Asubuhi nilitoa honi nikaichomelea kwenye gogo la mwisho, na ilikaa sawa, akaikagua kwa kuipitisha shavuni kwa sababu vidole havikuwa vikihisi vizuri, akasema imekaa. Mwenye gogo alikuja kulichukua wiki ile ile.

Hali yake ilibadilika tarehe 1 Septemba, akalazwa hospitali hapa Mpanda, na Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, figo ziliposhindwa kabisa, aliaga dunia, akiwa na umri wa miaka hamsini. Watoto walikuwa njiani. Nilikuwa nimemshika mkono wa kulia, ambao ulikuwa haujavimba asubuhi ile. Ameacha mume, watoto wawili, mama mzazi, na ndugu wanne.

Nilirudi nyumbani peke yangu kuchukua nguo zake kabla watu hawajajaa, nikaingia karakana. Rafu ni tupu. Hakuna gogo linalosubiri, hakuna aliyeahidiwa akakosa, na kwa hiyo hakuna mtu atakayepita tena kwetu jioni kuulizia nyongeza yake, akae kidogo, apewe uji. Mbao za mninga zipo, msasa upo, kiti chake kipo. Kichwa cha bati nimekiweka kwenye dirisha la sebule, upande wa reli, kikiwa hakina mlango wala ngazi wala waipa, kina kitu chake kimoja cha kweli, kama kichwa kingine chochote katika mji huu. Bwana Gaspar, ambaye amesafiri kuja kuzika pamoja nasi na nimemwona pale nyuma, alikitazama jana sebuleni, bila kioo cha kukuzia, akakirudisha mahali pake taratibu, akaniambia hakuna aliyemwonesha kitu kilichokamilika kuliko hicho. Nakushukuru, bwana, kwa kusema hivyo nikiwepo mimi wa kusikia.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa Mpanda na wa Mbeya, ambao hawakutuficha jambo na hawakuchoka na maswali yangu, nawashukuru majirani wa Makanyagio mliopika na kuchota maji tangu Jumanne, walimu wenzangu mlioshika vipindi vyangu, wanakwaya, shangazi Nyanzala aliyelala na Mama Thacienne siku zote hizi, na wafanyakazi wa stesheni mliobeba jeneza kutoka hospitali kwa miguu bila kuombwa. Nawashukuru pia mliokuja leo na vichwa vyenu vya treni mikononi na mifukoni, nimeviona, na ninajua kila kitu kilichomo kimetoka wapi. Mkipita nyumbani siku yoyote, hata bila sababu, mlango hautafungwa.

Séverine, tangu asubuhi ni kama nimesimama pale baba yako alipokuwa akisimama, nikatazama mpaka mwisho, na taa nimeiona. Umepita mzima, hakuna kilichobaki njiani. Pumzika sasa kwa amani, mama.